Simu Moja ya Kapteni Benson

Miaka michache iliyopita, usiku uliokwisha kupita saa tano, nilipigiwa simu na mwanafunzi nisiyemfahamu vizuri. Alitaka kunijulisha kwamba mwenzake wanayeishi naye chumba kimoja amechukuliwa na polisi, yeye na vijana wengine wanne, kwa sababu ya kompyuta mpakato iliyoibwa katika nyumba waliyopanga nje ya chuo. Huyo mwenzake nilimfahamu. Alikuwa mwaka wa pili, kijana mpole, mkaa dirishani, ambaye husubiri kipindi kikaribie kwisha ndipo aulize swali la kutuchelewesha sote kwenda kula.

Nilivaa viatu nikaenda. Kaunta ya kituo ilikuwa na taa moja, daftari kubwa la kumbukumbu na benchi lililojaa ndugu za watu. Nilimsalimu askari wa zamu, nikajitambulisha kwa cheo changu chote, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, nikaeleza kilichonileta. Askari akatabasamu. “Kumbe huyu ni wako, mwalimu? Mjuaji sana huyu. Tunamuuliza jana jioni alikuwa wapi, anatuambia ana haki ya kunyamaza. Tena anadai apewe simu yake moja. Nimemwambia hapa siyo Marekani.”

Waliokuwepo walicheka. Nami nilicheka.

Nilicheka kwa sababu nilitaka kijana adhaminiwe usiku uleule, na mtu aliyekwenda kuomba kitu kaunta huucheka utani wa mwenye kalamu. Alidhaminiwa saa saba. Kompyuta ilipatikana siku tatu baadaye kwa fundi wa simu, na aliyeipeleka huko hakuwa miongoni mwa wale watano. Lakini usiku ule, tukiwa ndani ya bajaji tukirudi, kijana alikaa kimya njia nzima, na tulipokaribia kwake akasema kwa adabu zote: “Ahsante sana, Dokta. Ila na wewe ulicheka.”

Sikuwa na jibu. Kwa kukwepa, nikamuuliza habari za simu moja alizitoa wapi. Akasema amezitoa kwenye Law & Order: Special Victims Unit, tamthilia aliyoitazama tangu sekondari, ikihama kutoka flashi moja hadi nyingine. Halafu akanipa kazi ya nyumbani, mwanafunzi kwa mwalimu: “Wewe anza na mwanzo wa msimu wa 22, Dokta. Mle polisi wenyewe wanamkamata asiyehusika.”

Niliitazama, na nimeirudia mara kadhaa tangu hapo. Leo nataka kuizungumzia, kwa sababu nadhani kijana yule alinionesha mahali sahihi, ingawa mimi nimeona humo kitu tofauti na alichotaka nikione.

Kwanza historia fupi kwa wasiozoea mambo haya. Law & Order, kazi ya Dick Wolf, ilianza kuoneshwa na kituo cha NBC tarehe 13 Septemba 1990. Nusu ya kwanza ya kila kipande polisi wanapeleleza. Nusu ya pili waendesha mashtaka wako mahakamani. Tarehe 20 Septemba 1999 tamthilia hiyo ikazaa nyingine, hii ninayoizungumzia, inayokifuata kikosi cha polisi wa New York kinachoshughulikia makosa ya kujamiiana. Mtoto amemzidi mama. Mwaka 2019, ilipoingia msimu wake wa 21, iliweka rekodi ya kuwa tamthilia ya waigizaji iliyodumu misimu mingi kuliko zote zilizowahi kuoneshwa saa za jioni katika runinga za Marekani. Tangu siku ya kwanza, moyo wake ni Olivia Benson, anayeigizwa na Mariska Hargitay. Alianza akiwa mpelelezi wa kawaida. Leo ni kapteni na ndiye mkuu wa kikosi.

Msimu wa 22 ulifunguliwa tarehe 12 Novemba 2020, ukiwa umechelewa kwa sababu ya korona. Kilichofanya ufunguzi huo usubiriwe kuliko kawaida ni yaliyotokea miezi michache kabla. Tarehe 25 Mei mwaka huo, katika jiji la Minneapolis, askari alimgandamiza George Floyd shingoni kwa goti hadi akafa, huku wapita njia wakirekodi. Siku hiyohiyo asubuhi, katika bustani ya Central Park mjini New York, mtu mweusi aitwaye Christian Cooper, ambaye shughuli yake pale ilikuwa kutazama ndege, alimwomba mwanamke mweupe amfunge mbwa wake kamba kama kanuni za eneo lile zinavyotaka. Mwanamke yule akapiga simu polisi na kudai kwamba mtu mweusi anatishia maisha yake. Cooper alikuwa akirekodi. Bila video ile, sijui leo tungekuwa tunamtaja kwa lipi. (Baadaye alipewa kipindi cha runinga kuhusu ndege, nacho kikampa tuzo ya Emmy. Si kila habari ya Central Park huishia hivyo, kama tutakavyoona.)

Marekani ilijaa maandamano, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hasira iliwafikia hata polisi wa kuigiza. Cops, kipindi kilichokuwa hewani tangu 1989 kikiwafuata askari halisi mitaani, kiliondolewa mwezi Juni, ingawa kilirudi baadaye kwa mlango mwingine. Live PD nacho kikaondolewa. Dick Wolf mwenyewe alimfukuza mwandishi aliyekuwa ameajiriwa kwa ajili ya tamthilia nyingine mpya ya ukoo huo wa Law & Order, baada ya mwandishi huyo kuandika mtandaoni vitisho dhidi ya waporaji. Kwa hiyo Novemba ilipofika, watu walitaka kuona Olivia Benson, polisi mwema kuliko wote katika runinga, atasema nini.

Kipande hicho kinaitwa “Guardians and Gladiators”. Kinaanzia Central Park. Mwanamke mweupe amemlalamikia mtu mweusi; karibu na hapo kuna mtu aliyeshambuliwa na kuumizwa; polisi wanaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, na mtu mweusi anatiwa pingu mbele ya watu wanaorekodi kwa simu zao. Hakufanya kosa lolote. Suala la kulishtaki jeshi la polisi linaingia. Benson anahojiwa na kitengo cha ndani cha polisi, anaulizwa kama upendeleo wa rangi ulichangia katika alichokifanya, na kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya 20 analazimika kujitazama kama sehemu ya tatizo. Barakoa ziko usoni. Wananchi hawamwamini tena. Anapita katikati ya jiji lake kama mgeni.

Nikiri kwamba kipande hicho kimefanywa kwa ujasiri. Ni rahisi sisi wasomi kuidharau runinga, na tukishaidharau tunajiona tumefikiri. Tamthilia ya kibiashara, inayoishi kwa matangazo, iliyojengwa juu ya mapenzi ya watazamaji kwa polisi mmoja, ilikubali kumweka polisi huyohuyo kizimbani. Tena si tamthilia isiyo na mema nyuma yake. Mwaka 2015 watafiti wa Washington State University waliwachunguza wanafunzi 313 wa mwaka wa kwanza, wakaona kuwa watazamaji wa tamthilia za Law & Order walielekea kuzikataa zaidi zile imani potofu kuhusu ubakaji na kuheshimu zaidi ridhaa ya mwenzi. Hargitay naye alianzisha taasisi yake mwaka 2004, kwa kuguswa na barua za waathirika waliomwandikia kana kwamba yeye ni Benson kweli, na taasisi hiyo imekuwa mstari wa mbele kudai sampuli za ushahidi wa ubakaji zipimwe. Mwaka 2009, katika ghala la polisi mjini Detroit, zilikutwa sampuli zaidi ya 11,000 ambazo hazikuwahi kupelekwa maabara. Kila moja ni mtu aliyekubali kuchunguzwa mwili wake katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, akaambiwa asubiri.

Sasa nieleze kinachonisumbua. Katika kipande kile, aliyekamatwa bila hatia ni nani? Ana jina, ana hasira, ana sentensi kadhaa nzuri za kusema. Lakini hatuendi naye nyumbani. Hatumwoni akimweleza mama yake kwa nini amechelewa, wala akilala huku mikono ikimuuma palipokuwa na pingu. Tunayekwenda naye nyumbani ni Benson. Machozi tunayoyaona kwa karibu ni ya Benson. Aliyetendewa dhuluma anageuka kuwa somo katika maisha ya aliyemtendea, na kisha darasa linaendelea. Mtazamaji anamaliza akijiuliza, “Je, Benson atapona?” Swali la kama yule mwanamume atapona halikupangiwa muda.

Sisemi hivi kwa kuwalaumu waandishi wa kipande kimoja. Ndivyo umbo lenyewe lilivyo, na waliokulia ndani ya nyumba hawaioni paa. Tangu 1990 Law & Order hufunguliwa kwa sauti inayotangaza kwamba katika haki jinai wananchi wanawakilishwa na makundi mawili: polisi wanaopeleleza na mawakili wa serikali wanaoshtaki. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ni nani amesahauliwa hapo, na ilichukua dakika nzima kabla ya mmoja kusema, kwa mashaka, “Wakili wa utetezi?” Naam, wakili wa utetezi. Na mshtakiwa mwenyewe. Katika hesabu hiyo wao si wananchi wanaowakilishwa. Ni kikwazo kati ya wananchi na haki. Wakili wa utetezi katika tamthilia hizi huvaa suti ghali na huja na hila. Mshukiwa anayedai wakili huwa tayari ana hatia, na sisi tulioketi sebuleni tunanung’unika: angekuwa hana la kuficha, angesema.

Itazameni tena ile tarehe ya kuzaliwa kwa tamthilia mama, 13 Septemba 1990. Mwaka uliotangulia, usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi katika Central Park alishambuliwa na kubakwa hadi akakaribia kufa. Polisi waliwakamata vijana watano, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 16. Baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi wanne kati yao walikiri mbele ya kamera. Watatu wa kwanza walitiwa hatiani Agosti 1990. Wawili waliobaki walitiwa hatiani Desemba 1990. Katikati ya hukumu hizo mbili, katika jiji hilohilo, ndipo tamthilia inayowatukuza polisi na waendesha mashtaka wa Manhattan ilipoanza kuoneshwa. Ilipofika 2002 mbakaji halisi alijitokeza, vinasaba vikamthibitisha, na hukumu za wale watano zikafutwa. Mwaka 2014 jiji lilikubali kuwalipa dola milioni 41. Mmoja wao, Yusef Salaam, alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la New York mwaka 2023.

Sidai kwamba tamthilia iliwafunga. Ninachosema ni kwamba, kwa zaidi ya miongo mitatu, chumba cha mahojiano tulichooneshwa kila wiki ni chumba ambamo polisi mwenye uchungu na waathirika hugonga meza, humsogelea mshukiwa, humdanganya kidogo, na ukweli hutoka. Kukiri ndiyo tamati ya hadithi. Katika chumba halisi cha jiji lilelile, kukiri ndiko kulikowapoteza watoto watano, na mbakaji akaachwa nje aendelee. Yeyote aliyewahi kuketi mahakamani kwetu akasikiliza mabishano juu ya maelezo ya onyo, mshtakiwa akisema alipigwa na askari akisema aliandika kwa hiari yake, anajua kwamba hilo si la New York peke yake.

Kuna jambo jingine, nalo linawahusu zaidi wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma. Kikosi cha Benson kina wapelelezi wachache ambao, kwa wiki nzima, hushughulikia kesi moja. Wanampeleka mwathirika hospitali, wanamtembelea nyumbani, wanamsindikiza mahakamani. Kikosi halisi kipo, na Machi 2018 idara ya uchunguzi ya jiji la New York ilitoa ripoti juu yake. Mwaka 2017 vitengo vyake vya makosa dhidi ya watu wazima vilikuwa na wapelelezi 67 kwa kesi 5,661. Wapelelezi wa vikosi vya mauaji walikuwa 101, na mauaji yalikuwa 282. Ukigawanya, mpelelezi mmoja wa makosa ya kujamiiana aliangukiwa na kesi zaidi ya 80 kwa mwaka. Juni 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kukichunguza kikosi hicho kuhusu namna kinavyowatendea waathirika. Kwa nchi nzima, takwimu za FBI za mwaka 2019 zinaonesha kwamba katika kila matukio 100 ya ubakaji yaliyoripotiwa polisi, ni kama 33 tu yaliyofikia hatua ya mtu kukamatwa au kufungwa kwa njia nyingine inayotambuliwa.

Hivyo tamthilia iliyodumu kuliko zote imekuwa ikionesha, kwa uzuri na kwa upole, idara ambayo jiji lenyewe halikuijenga. Nilipokuwa nikisoma hesabu hizo nilijiuliza bajeti ingekuwaje kama mwaka mmoja tu watazamaji wangeoneshwa mpelelezi mwenye mafaili 80 mezani, akimwambia mama aliyekuja na binti yake: njoo Alhamisi. Mnaofanya kazi kwenye madawati ya jinsia na watoto mnaijua sentensi hiyo. Mnajua pia fomu ya PF3 ilivyo na uzito kuliko silaha yoyote anayobeba Benson, na jinsi mtu anavyoweza kuzungushwa kati ya kituo na hospitali mpaka ushahidi ufutike na sabuni.

Mahakama za runinga nazo zina hadithi yao. Kila kesi kubwa ya Law & Order husikilizwa mbele ya jaji na jopo la raia, kwa maswali makali na mshangao wa dakika ya mwisho. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Missouri dhidi ya Frye, ilikumbusha kwamba asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, hutokana na mshtakiwa kukiri kosa. Maana yake ni kwamba kesi ya kusikilizwa mpaka mwisho, ile tunayoiona kila wiki, ndiyo isiyotokea. Kinachotokea ni makubaliano ya korido kati ya mtu aliyechoka mahabusu na wakili wa serikali mwenye kazi nyingi. Sisi wenyewe tuliingiza utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa katika sheria mwaka 2019. Wengi wa wanafunzi wangu, wakiwamo wanaosoma sheria, walisikia habari zake kwa mara ya kwanza kutoka kwa ndugu zao waliokuwa ndani.

Nirudi kwa kijana wa bajaji, maana kicheko changu bado kinanidai.

Asubuhi iliyofuata nilifungua Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ilitungwa mwaka 1985, Sheria Namba 9, kwa Kiingereza, lugha ambayo askari wengi wa kaunta hawaitumii kuishi. Kifungu cha 53 kilisema kwamba kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, askari ajitambulishe kwa jina na cheo, amweleze kosa analotuhumiwa, na amwonye kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani yake. Kifungu cha 54 kilimtaka askari, mtu huyo akiomba, amwezeshe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kifungu cha 50 kiliweka muda wa msingi wa mahojiano kuwa saa nne.

Kwa maneno mengine, kijana hakukosea. Haki ya kunyamaza ilikuwamo. Simu ilikuwamo, na wala sheria yetu haikusema ni moja. Alichekwa kwa kudai kilichomo katika kitabu cha nchi yake, kwa sababu alikidai kwa maneno ya New York. Askari hakuitambua haki ile kwa kuwa ilikuja imevaa nguo za kigeni. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu na rafu mbili za vitabu vya haki za binadamu, sikuitambua pia. Au niseme kweli zaidi: niliitambua, nikaona saa ile si saa yake.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuacha kutazama tamthilia za mabeberu. Siwaungi mkono. Bila Olivia Benson kijana yule asingekuwa na neno lolote la kusema usiku ule. Angejibu kila alichoulizwa, na pengine angejibu na alichotakiwa kujibu. Tamthilia ilimpa haki yake, lakini ilimpa kama mali ya watu wengine. Hilo haliondolewi kwa kuzima runinga. Sisi hatujawahi kuisimulia sheria yetu. Tuna tamthilia nzuri za mapenzi, mirathi na uchawi. Askari wetu wa filamu huja mwishoni, watatu, na pingu, kumchukua muovu aliyekwisha kufichuliwa na wengine. Hakuna hadithi ninayoikumbuka iliyoketi benchini na mtuhumiwa usiku kucha ikasubiri naye kukuche.

Mwaka 2023 Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi kusikiliza malalamiko ya wananchi juu ya ukamataji, upelelezi na mahabusu, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti. Ni kazi kubwa, na wasomaji wangu walio serikalini wanajua mapendekezo yapi yametoka kwenye makabati na yapi yamebaki. Lakini kilichonivutia ni kwamba kwa miezi kadhaa watu wa kawaida walisimama na kueleza, kwa Kiswahili, nini huwapata kuanzia kwenye pingu hadi kwenye dhamana. Ninawafundisha watu wanaotaka kuandika filamu. Nimewaambia: simulizi zenu ziko pale, tena nyingi, na hazihitaji baridi ya New York.

Ndiyo maana ufunguzi ule wa msimu wa 22 haunitoki. Ni jaribio la kweli la kuomba radhi, lakini kamera imeshikwa na aliyekosa. Nimeona kitu cha namna hiyo kwetu pia: kiongozi anapozungumzia mtu aliyeteswa, hotuba huanza na jinsi kiongozi alivyohuzunika. Hata makala haya, mkitazama vizuri, yameanza na simu iliyonitoa mimi kitandani. Kijana alikuwa kwenye benchi tangu alasiri.

Yeye amekwisha kuhitimu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi, bila jina lake wala la mji, alikubali kwa sharti moja: niseme kwamba alikuwa na njaa. Hilo, alisema, kwenye tamthilia hawalioneshi kabisa. Benson huleta soda na mkate kwa watoto, lakini mtuhumiwa huhojiwa kipande kizima bila kula, na hakuna anayeuliza.

Wiki moja baada ya usiku ule nilirudi kituoni kufuata mkanda wake na kitambulisho cha chuo, vilivyosahaulika kwenye droo. Yuleyule askari alikuwa zamu. Nilimwambia, kwa sauti ya chini kuliko nilivyokuwa nimejizoeza njiani, kwamba nimesoma sheria na kijana alikuwa na haki ya kuwasiliana na ndugu au rafiki. Nilitegemea ubishi. Alinitazama, akafungua daftari kubwa ukurasa wa nyuma palipokuwa na namba za simu za watu na hesabu za chai, akachukua kalamu.

“Kifungu cha ngapi, mwalimu?”

“Cha 54.”

Akaandika. Kisha akaniuliza kama kitabu chenyewe kinapatikana kwa Kiswahili.